Daraja la Kuelea Kabla ya Liwatoni

Daraja la kwanza la gari lililotuvusha sisi watu wa Kisauni kwenda kisiwa cha Mombasa halikusimama juu ya nguzo. Lilielea. Kampuni ya Nyali Limited ililifungua mwaka 1931, na kwa karibu miaka 50 kila aliyetoka hapa Bombolulu akapita Kengeleni na Kongowea kwenda mjini kwa barabara alilikanyaga hilo.

Marehemu babangu alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini. Hakuzungumzia sana urefu wa daraja. Alizungumzia mteremko wake. Maji yakijaa, njia ya kuingilia ilikuwa sawasawa, mtu anapita na baiskeli yake bila kushuka. Yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, ambapo bahari yetu hushuka zaidi ya mita 3, daraja zima lilishuka nayo. Hapo wenye mikokoteni walihamia nyuma, wakaivuta kwa nguvu isiwakimbie. Kwa hiyo baba alijua mwezi una siku ngapi kwa magoti yake.

Na kuvuka kulikuwa kwa ushuru. Ushuru huo ulizua kesi iliyofika London: serikali ilitaka magari ya jeshi yapite bure, kampuni ikadai ilipwe. Mwaka 1955 Jaji Denning wa Mahakama ya Rufaa, akiamua kesi hiyo, alisema sheria ya Uingereza haiwezi kung'olewa kwao kama mwaloni ikapandwa ugenini ikatarajiwa kumea vile vile; yahitaji kupogolewa ifae mahali ilipo. Serikali ikashindwa. Maneno hayo mawakili wanayarudia hadi leo katika mahakama za Afrika, na mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba chanzo chake ni njia ya babangu ya kwendea kazini.

Mwaka 1980 likaja Daraja jipya la Nyali, la zege, kwa msaada wa Japani. La zamani likaondoka, na habari zake zikaondoka nalo.

Hata hivyo wataalamu wa kazi kama hizo walifika kwetu: Septemba 1991 wahandisi wa pwani na bandari kutoka nchi zinazoendelea walikutana hapa Mombasa. Ulikuwa mkutano wao wa tatu, baada ya Colombo 1983 na Beijing 1987. Mwaka huo huo daraja la Kilifi lilichukua nafasi ya feri. Lakini kusini ya kisiwa watu waliendelea kutegemea feri, na tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ikapinduka karibu na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Elimu ya kuvusha watu salama, kwetu, si jambo la wataalamu peke yao.

Mkutano wa kumi wa wahandisi hao ulipangiwa Manila mwaka 2020. Korona ikaingia, ukaahirishwa. Uamuzi ulikuwa wa haki. Huwezi kuwakusanya watu wa dunia nzima ukumbini wakati wa maradhi. Ila kwenye kivuko cha Likoni, kusini ya kisiwa, hakukuwa na cha kuahirisha. Watu walisongamana kwenye feri asubuhi na jioni, maradhi yapo, na kazi inawangoja ng'ambo. Ndipo serikali ikaharakisha daraja la kuelea la waenda kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, zaidi ya mita 800, na sehemu ya katikati ya kufungua meli zipite. Wananchi wakaanza kulivuka Januari 2021.

Nilisikia vijana wakisema Mombasa haikupata kuona daraja la kuelea kabla ya hilo. Iliniuma. Mji huu ulikuwa nalo tangu 1931, likibeba malori, likipanda na kushuka na maji mara mbili kwa siku. Wahandisi wakirudi tena kukutana pwani hii, nataka kiti kimoja cha mbele apewe mzee wa Kisauni aliyefanya kazi kwenye lile daraja. Wamebaki wachache. Aulizwe walilishikizaje wakati mkondo wa bamvua unatoka kwa kasi, nani aliamka usiku kulikagua, na ni sehemu gani iliyokuwa ya kwanza kuchakaa.