Vanila (Bukoba na Muleba)

Vanila (jina la kisayansi: Vanilla planifolia) ni mmea utambaao wa familia ya okidi, wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Mkoani Kagera hulimwa katika wilaya za Bukoba na Muleba, hasa ndani ya kibanja, shamba la nyumbani la Wahaya lenye migomba na kahawa. Kivuli, matandazo na mvua nyingi za ukanda wa Ziwa Viktoria huufaa.

Kuzalisha miche. Vanila hupandwa kwa marando, si kwa mbegu. Rando lenye afya, la urefu wa mita 1 hivi, hukatwa na kuachwa siku kadhaa kidonda kikauke. Pingili za chini hufunikwa kwa matandazo na udongo mwepesi. Ncha hufungwa kwenye mti wa kuegemea, kama mbono. Mvanila hutoa maua baada ya miaka 3 hivi.

Uchavushaji. Ua hufunguka asubuhi moja tu. Mkulima hupasua ua kwa kijiti, huinua kiwambo kinachotenganisha chavua na stigma, kisha huvikutanisha kwa kidole gumba. Mbinu hii iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12.

Mavuno. Maganda hukomaa kwa miezi 8 hadi 9, kisha hutumbukizwa katika maji ya moto, hufunikwa yatoke jasho na kukaushwa polepole. Ganda lililochumwa changa halipati harufu kamili. Subira ndiyo thamani ya zao hili.