Chulebuni, Ruiru 11 na Swali la Mungu

Nchini Kenya, mjadala wa sayansi na imani huzuka zaidi penye mifupa. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo alipinga namna Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yalivyokusudia kuonyesha mabaki ya kale ya Mvulana wa Turkana, naye mtafiti wa visukuku Richard Leakey akajibu kwa ukali. Wengi walitoka kwenye malumbano yale wakidhani kwamba maelezo ya kisayansi yakiingia, Mungu sharti atoke. Nadhani dhana hiyo hupimwa vizuri zaidi kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika, au yaliyosalia, maana mengi yamekwisha kukatwa viwanja.

Watetezi wa dini watakimbilia historia, nayo wanayo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893, kisha wakaifikisha misheni ya St. Austin's, Nairobi. Kanuni za urithi ambazo watafiti wa mbegu huzitegemea zilichapishwa mwaka 1866 na mtawa, Gregor Mendel. Hoja hiyo hainishawishi. Hata kama Mendel angekuwa mpagani, njegere alizozifanyia majaribio zingerithi rangi na maumbo vilevile.

Lenye uzito ni ugonjwa wenyewe. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa ambao wakulima wa huku huuita CBD tu, uliripotiwa Kenya mwaka 1922. Kuvu wake huvamia tunda likiwa bado bichi: doa jeusi hubonyea, tunda huoza na kudondoka, au hukauka likining'inia tawini. Matone ya mvua hurusha vijimbegu vyake kutoka tunda hadi tunda. Mwaka wa baridi na mvua nyingi, asiyepuliza dawa anaweza kupoteza hata asilimia 80 ya mavuno. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilijibu mwaka 1985 kwa kutoa aina ya Ruiru 11, mbegu chotara inayochavushwa kwa mkono. Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo fundi hulifungua ua kabla halijachanua, huondoa stameni, hulifunika kwa mfuko, kisha hulipaka chavua ya mti dume uliochaguliwa. Ua kwa ua. Fundi huyo awe mzee wa kanisa au asiye na dini, mche utaota uleule. Utaratibu wa kazi yake haumtaji Mungu, lakini kutomtaja si kumkana: unauliza ugonjwa unavyoenea, hauulizi kwa nini pawepo ulimwengu wenye mpangilio wa kuchunguzika.

Hata hivyo, siafiki suluhu ya kila mmoja kubaki na lake. Ukristo unadai kwamba ulimwengu huu umeumbwa, na kwamba ni mwema. Zamani tunda jeusi liliweza kudhaniwa limetokana na kijicho cha jirani au hasira ya Mungu. Maabara yamemwondolea jirani lawama, na hilo ni jambo jema kabisa. Lakini yameiachia teolojia swali zito zaidi. Kuvu huyu naye ni kiumbe, aliyelingana barabara na tunda analoliangamiza. Kusema aliletwa na dhambi ya Adamu hakutoshi: visukuku vya kuvu waliokuwa wakiishi ndani ya mimea, vilivyopatikana Rhynie huko Scotland, vina umri wa miaka milioni 400 hivi. Uozo ulitangulia binadamu. Tena viumbe hawa wanaendelea kubadilika: kutu ya majani, kuvu mwingine wa kahawa, ina makumi ya aina ndogo, na huko India imekwisha kushinda kahawa zilizowahi kuihimili. Mhubiri mwenye miti ya kahawa anayekana mageuko ya viumbe anayalipia kila anaponunua mche mpya. Agostino aliwaonya Wakristo, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, wasijiaibishe mbele ya wasioamini kwa kusema ovyo juu ya maumbile.

Unaweza kujibu kwamba bila kuvu majani yasingeoza, na udongo mwekundu wa Thika usingelisha mti wowote. Ni kweli, ila jibu hilo halimlipii karo mjane aliyepoteza mavuno yake. Jibu la injili ya mafanikio, kwamba mwenye imani hufanikiwa, ni baya zaidi, kwa kuwa linapimika na linaanguka: mvua ileile, bonde lilelile, kahawa ya aina ya SL28 ya mcha Mungu asiye na fedha za dawa inapukutisha matunda huku Ruiru 11 ya jirani asiyesali ikisimama. Kinachotofautiana ni urithi wa mti. Paulo, katika Warumi 8, anazungumzia uumbaji mzima unaougua na kungoja, wala hamwambii anayeugua kwamba imani yake imepungua. Teolojia ya namna hiyo inaweza kukaa meza moja na mtafiti wa Ruiru bila kumwomba afiche chochote, ingawa bado itadaiwa maelezo ya kwa nini kungoja kuwe kurefu hivi.