Nywele Zatoka Kwenye Kidole cha Kinyozi, Mtaa Wasema Karogwa! Historia Inasema Hivi

Wadau, leo tuweke umbea wa mastaa pembeni kidogo.

Tuseme kuna kinyozi pale Mazingara, Handeni. Jina hatutaji, maana anaweza kuwa yeyote, hata huyo anayekunyoa wewe kila Jumamosi. Katikati ya vidole vyake kinatokea kitundu kidogo. Kinauma, kinatoa usaha, kinakauka, halafu kinarudi tena. Siku moja anakikamua, zinatoka nywele. Tena siyo zake!

Hapo mtaa mzima una jibu: katupiwa kitu. Na tusiwasingizie watu wa Handeni na Korogwe peke yao, hata Sinza wangesema hivyo hivyo. Kinachofuata unakijua: hela inaenda kwa mganga, na jirani au kinyozi mwenzake anaanza kuangaliwa vibaya.

Kiukweli, hata madaktari wakubwa waliwahi kuchemka kwenye hili.

Mwaka 1833 daktari Mwingereza, Herbert Mayo, alieleza kuhusu kitundu chenye nywele ndani yake, karibu na mkia wa uti wa mgongo, pale juu ya makalio. Mwaka 1880 Mmarekani Richard Hodges akaupa ugonjwa huo jina kwa Kilatini, pilonidali, yaani kiota cha nywele. Kwa miaka mingi wengi waliamini mtu anazaliwa nao.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Wanajeshi karibu 80,000 wa Marekani walilazwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Wengi walihusisha na kukaa muda mrefu kwenye magari yanayorukaruka, ndiyo maana mwaka 1944 daktari Louis Buie akauita ugonjwa wa Jeep. Jeep, siyo jipu, ingawa yote mawili yanauma. Walikatwa nyama nyingi ili kutoa "kitu cha kuzaliwa nacho", na bado kwa wengi kilirudi.

Aliyesaidia kugeuza stori ni kinyozi. Jina lake nalo hatuna, ila mkono wake umeingia kwenye historia. Mwaka 1946 madaktari wa London, Patey na Scarff, walianza kupinga habari ya kuzaliwa nao. Mwaka 1948 wakaandika kuhusu kinyozi mwenye kiota cha nywele mkononi. Fikiria mwenyewe: nywele ya mteja itakuwaje ya kuzaliwa nayo kwenye kidole cha kinyozi? Maana yake ilitoka nje ikaingia.

Na ndivyo inavyokuwa. Unywele mfupi uliokatwa una ncha kali kama mwiba. Ngozi ya katikati ya vidole ni laini, inalowa jasho, inasuguliwa kutwa. Unywele unachoma, unazama, mwili unaukataa, usaha unaanza. Wanaokata manyoya ya kondoo na wanaokamua ng'ombe wamewahi kupatwa vile vile. Ugonjwa umeonekana pia kitovuni, kwapani, katikati ya matiti na hata kati ya vidole vya miguu. Hizo ni sehemu adimu, ndiyo maana ukitokea huko watu wanachanganyikiwa haraka.

Sasa wewe kinyozi, dada wa saluni, au mtu yeyote mwenye kitundu kisichopona: usikikamue nyumbani, usikifukie na dawa ya unga. Nenda hospitali, na mwambie daktari kazi unayofanya, hiyo inamsaidia kujua anatafuta nini. Usaha unatolewa, na kikiwa sugu kinakatwa chote na nywele zake. Kama kipo kule juu ya makalio, aibu weka kando, daktari ameshaona mengi.

Kujikinga siyo gharama. Nawa mikono na sugua katikati ya vidole baada ya wateja, kausha vizuri, ng'oa mapema unywele uliojichoma, funika mchubuko, vaa glavu ukiweza.

Na yule jirani aliyeanza kunyooshewa kidole? Hana kosa lolote. Nywele zililetwa na kazi, siyo na mtu. Mganga akikutajia jina, kumbuka mkono wa yule kinyozi kabla hujavunja undugu.