Kifungo cha bibi (sio cha jela!)

Najua nimepotea. UE zilipoisha tu nilidandia basi mpaka nyumbani Bonga, na kule nilikuwa wa shamba na ng'ombe, kompyuta niliisahau kabisa. Lakini nimerudi na stori. Wale wenzangu wa History ambao BTP inawasubiri, hii mtaitumia darasani.

Bibi yangu ana kopo la zamani la majani ya chai, na ndani ya kopo kuna kifungo kimoja cha koti, cha shaba ya manjano. Nyumbani wote tumekua tukijua kwamba ni cha kaka yake mkubwa, aliyeingia KAR wakati wa Vita ya Pili, akapelekwa Burma, asirudi. Kaburi hatulijui, picha hana. Yaani kile kifungo ndio kaburi lenyewe.

Sasa mjomba wangu anabisha miaka yote. Yeye anasema ni kifungo cha Kaburu wa mwaka 1916, kiliokotwa tu shambani. Na hoja yake sio ya kijiweni. Aprili 1916 Jenerali van Deventer na askari wake wa farasi kutoka Afrika Kusini, wakipigana upande wa Waingereza, waliwapiga Wajerumani Lolkisale, wakaja Ufiome, wakashuka mpaka Kondoa Irangi. Mwezi Mei von Lettow-Vorbeck akajaribu kuirudisha Kondoa, akashindwa. Ufiome ya vitabuni ndio huku kwetu Babati, na sisi Wagorowa ndio wale walioandikwa Wafiomi. Ukitoka Ufiome kwenda Kondoa, uelekeo ni huuhuu wetu wa Bonga. Kwa hiyo Kaburu kudondosha kifungo huku sio ajabu.

Basi mjukuu msomi nikasema, leo namaliza ubishi. Nikakisafisha na mswaki na maji (jamani msisugue na majivu, mtafuta alama zote), nikakipiga picha kwa simu, nikakikuza.

Kusoma kifungo cha jeshi la Waingereza kuna hatua. Kwanza tafuta namba. Kuanzia 1767 vikosi vya miguu viliamriwa kuweka namba ya kikosi kwenye vifungo, na namba hizo zilikwisha mwaka 1881 vikosi vilipopewa majina ya mikoa. Cha bibi hakina namba. Kina ngao ya kifalme, simba upande mmoja na farasi mwenye pembe moja upande wa pili. Hiyo ngao ilianza kuvaliwa na askari wengi wa kawaida mwaka 1871, vikosi mbalimbali kifungo kilekile. Kwa hiyo haikwambii mwenye koti alikuwa nani, na ikawa inatumika 1916 na vilevile 1944. Mjomba na bibi bado droo!

Hatua ya pili, geuza nyuma. Kuna kitanzi cha kushonea, na mara nyingi jina la kiwanda, kama Firmin & Sons wa London au J.R. Gaunt & Son wa Birmingham. Cha bibi kimelika, limebaki neno Birmingham tu. Halisaidii.

Hatua ya tatu ndio iliyonikosesha usingizi. Ni taji. Wafalme waliotawala kuanzia 1901 mpaka 1952 walitumia taji lenye mgongo wa mviringo, limeinuka kama kuba. Elizabeth alipotawala mwaka 1952 akachagua taji jingine, ambalo mabega yake yamepanda na katikati limebonyea, kama tandiko la punda. Nikakuza picha. Limebonyea. Nikakuza tena. Limebonyea!

Mtu angeweza kuendelea kuvaa kifungo cha mfalme hata baada ya 1952, kwa sababu stoo haziishi kwa siku moja. Lakini kinyume chake hakiwezekani. Hakuna anayevaa kifungo kabla hakijatengenezwa. Vita iliisha 1945. Mjomba kakosa, na bibi naye kakosa. Kuhusu mjomba nilicheka. Kuhusu bibi nilikaa kimya siku mbili. Unamwambiaje bibi wa miaka themanini na kitu kwamba kaburi analolitunza sio lenyewe?

Siku ya tatu jioni nikamfuata jikoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umenuna hivyo, nani kakunyima chakula?"

Nikamweleza polepole, na picha nikamwonyesha. Akaitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani alikwambia ni cha kaka? Mimi nilisema nililetewa kwa ajili ya kaka."

Kha! Ndipo akasimulia. Yeye alikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Alikuja mtu aliyekuwa naye Burma, yeye alikuwa bado jeshini. Akamweleza mama yao mtoto wake alivyofariki. Mama akauliza, hukuniletea chochote chake? Yule askari hakuwa na kitu. Akakata kifungo cha koti lake mwenyewe, akampa mkononi.

Kumbe taji halikumsuta bibi. Lilitusuta sisi tuliosikia nusu na kuijaza nusu nyingine wenyewe, miaka yote hiyo, bila hata mmoja kumuuliza, "Bibi, kililetwa na nani, lini?" Darasani tunakaririshwa kwamba masimulizi ya mdomo yana udhaifu. Ni kweli, lakini safari hii mwenye udhaifu alikuwa msikilizaji. Na bila kile kifungo nisingeuliza.

KAR yenyewe, iliyoanzishwa 1902, kwetu ilibadilika kuwa Tanganyika Rifles wakati wa uhuru 1961, ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. JWTZ ikazaliwa Septemba mwaka huohuo. Wazee waliovaa vile vifungo wamebaki wachache mno.

Basi wadau, likizo ijayo fungueni makopo ya bibi zenu. Angalieni taji, halafu muulizeni mwenye kopo. Mimi nimeshaandika jina la yule kaka kwenye daftari, na bibi amenirudisha mara mbili nirekebishe herufi.

Haya, kuna semina saa mbili asubuhi na sijasoma kitu. Tuonane!