Mwenye Mota Kati ya Wanyongaji

Nyumbani kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba maziwa, mkaa, madumu ya maji, mikungu ya ndizi, na watu pia. Baiskeli za abiria za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndizo zilizotupa neno boda boda kabla pikipiki hazijalichukua. Huko hakuna aliyemsimamisha mnyongaji akamuuliza kama yeye ni mwendesha baiskeli wa kweli. Alikuwa na baiskeli, alikuwa juu yake, yakaisha.

Hapa Marekani swali hilo huulizwa. Sisi tuliofunga mota na betri kwenye baiskeli kuukuu ili tuwahi darasa la asubuhi na zamu ya usiku tumelisikia mara nyingi, hasa tunapoandamana na wenzetu wanaonyonga kwa miguu mitupu: "Hivyo si kudanganya?" Wengine huuliza kwa utani. Wengine hawana utani hata kidogo, na kuna njia ambazo ukipita hutazamwa kama mwizi.

Katika makala haya hatukuja kulijibu swali hilo kwa hasira. Tunataka kuonyesha kwamba ni la zamani kuliko mota zetu, kwamba waliolitoa safari nyingine walikuwa wadhalimu na safari nyingine walikuwa na haki, na kwamba historia inaweza kutusaidia kuyatenga hayo mawili.

Mota si mgeni

Watu wengi hudhani baiskeli ya umeme imeletwa na simu za mkononi na betri zake. Sivyo. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alifunga mota za umeme kwenye baiskeli ya magurudumu matatu na kuijaribu katika mitaa ya Paris. Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa mji wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya Marekani kwa baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na betri ikining'inia katikati ya fremu. Betri yake ilikuwa ya volti 10, na mota iliweza kuvuta hadi ampea 100. Ukizidisha unapata wati 1,000, nguvu inayozidi ile inayoruhusiwa leo na sheria ya nchi hii kwa baiskeli ya umeme. Miaka miwili baadaye Hosea Libbey wa Boston alipata hataza ya baiskeli yenye mota mbili kwenye ekseli ya pedeli.

Yeyote kati yetu aliyewahi kufunga mota ya kitovu atauelewa mchoro wa Bolton bila mkalimani. Mahali pa mota ni palepale na mahali pa betri ni palepale. Kilichobadilika ni betri yenyewe. Wakati ule ilikuwa ya risasi na asidi, nzito kama mzigo wa sokoni, na kilo moja yake ilihifadhi nguvu kidogo sana. Injini ya petroli ilipokuja ikashinda, na mota ya umeme ikalala kwa miongo mingi.

Nani alikuwa "mwendesha baiskeli" mwaka 1895?

Turudi kwenye miaka hiyohiyo ya Bolton na Libbey, kwa sababu ndipo swali letu lilipopata sura yake mbaya kuliko zote.

Chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa Marekani, League of American Wheelmen, kilianzishwa mwaka 1880. Kilifanya kazi njema. Kilipigania haki ya baiskeli kupita barabarani wakati wenye farasi walikuwa wakiwafukuza, na kilikuwa mstari wa mbele kudai barabara bora kabla ya magari. Lakini mwaka 1894 chama hichohicho kilipitisha kanuni kwamba mwanachama lazima awe mzungu. Mwaka uliofuata Kittie Knox, msichana wa Boston mwenye asili ya Kiafrika aliyejiunga kabla ya kanuni hiyo, alifika na kadi yake kwenye mkutano wa chama huko Asbury Park, New Jersey. Haki yake ya kuwapo pale ikatiliwa shaka mbele ya watu. Mwaka 1899 Major Taylor, Mmarekani mweusi, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal. Bingwa wa dunia alikuwa hafai kuwa mwanachama wa kawaida wa chama cha nchi yake. Kanuni ile ilikanwa rasmi mwaka 1999, miaka 105 baada ya kupitishwa.

Hatulinganishi mota na ngozi. Kufanya hivyo ni kuwakosea heshima Knox na Taylor. Tunasema jambo moja tu: mtu akituambia kwamba jamii ya wanyongaji siku zote imejua nani ni mwenzao wa kweli, tunayo sababu ya kumwomba aonyeshe kipimo chake. Kipimo hicho kiliwahi kuwa kiovu, na waliokitumia walikuwa watu wa heshima wenye barua na mihuri.

Gia na kulala chali

Baada ya watu, vyombo navyo vilikataliwa. Leo hakuna anayeona gia kuwa udanganyifu. Hata mshiriki mkali kabisa wa safari za Jumamosi anabadilisha gia kila kilima. Lakini Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France mwaka 1903, alizidharau gia za kuhamisha mnyororo na kuziona ni za wanyonge. Mashindano yake hayakuziruhusu kwa magwiji hadi mwaka 1937. Kwa zaidi ya miaka 30 walipanda milima ya Alps huku wakishuka na kugeuza gurudumu la nyuma kwa mkono ili kupata meno mengine, ilhali mtalii wa kawaida barabara hiyohiyo angeweza kupita na gia zake.

Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa ameegemea nyuma kwenye baiskeli ya kulala iliyoundwa na Charles Mochet, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Alivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1914. Hakuwa na mota, alikuwa na miguu yake tu. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na ile ya Mochet ikaachwa nje.

Tukiziweka habari hizi pamoja tunaona kwamba kudanganya ni neno la mashindano. Lina maana pale tu ambapo watu wamekubaliana kushindana kwa masharti fulani. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni huko Zolder, Ubelgiji, mota ilikutwa imefichwa ndani ya fremu, na mshiriki mmoja akafungiwa miaka sita. Huo ulikuwa udanganyifu bila ubishi, na sisi wenye mota tulikuwa wa kwanza kukasirika. Lakini anayekwenda kazini na mfuko wa vitabu mgongoni hashindani na mtu. Hawezi kuvunja mkataba ambao hakuutia saini.

Upande wenye haki

Hata hivyo, tusijifanye kwamba malalamiko yote ni dharau. Betri ya lithiamu ilipoingia sokoni mwaka 1991, na Yamaha ilipotoa mwaka 1993 baiskeli ambayo mota yake husaidia kadiri mguu unavyosukuma, mambo yalibadilika. Baiskeli ya umeme ilianza kufaa kweli, na chombo kinachofaa hujaa njiani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 ilisema baiskeli ya umeme ni ile yenye pedeli zinazofanya kazi, mota ya chini ya wati 750, na mwendo wa mota peke yake usiofika maili 20 kwa saa. California mwaka 2015 ilizigawa katika madaraja matatu: mbili za kwanza mota huacha kusaidia kwenye maili 20, ya tatu kwenye maili 28. Majimbo mengi yakafuata mfano huo.

Sheria hizo zinatazama mwendo na nguvu. Hazimuulizi mtu kama ametoka jasho. Hapo tunaona kipimo cha haki, kwa sababu mwendo humgusa mtu mwingine na jasho halimgusi. Baiskeli tuliyoiunda inaweza kuwa na kilo 25 au zaidi. Ikigonga mtoto kwa maili 25 kwa saa, haisaidii kitu kwamba mwenye baiskeli alikuwa na njia ndefu ya kwenda kazini.

New York inatufundisha pande zote mbili kwa pamoja. Kwa miaka mingi wapeleka chakula wa mji ule, wengi wao wahamiaji kama sisi, waliendesha baiskeli za umeme zenye kishiko cha kuongeza mwendo, ambazo hazikuwa halali. Faini ilikuwa dola 500, pesa ya siku kadhaa za kazi, na iliwaangukia wao wakati wateja waliotaka chakula kifike kikiwa moto hawakuguswa. Walijipanga, wakadai haki yao, na mwaka 2020 jimbo likazihalalisha. Huo ulikuwa ushindi wa kweli.

Kisha ukaja moto. Mwaka 2023 moto uliotokana na betri za lithiamu uliua watu 18 katika mji huo. Mwaka huohuo mji ulipitisha sheria za kutaka betri zinazouzwa ziwe zimethibitishwa usalama wake, na kukataza betri zilizoundwa upya kwa seli zilizotolewa kwenye betri za zamani. Sheria hizi zinatugusa moja kwa moja sisi mafundi wa chumbani, kwa kuwa kishawishi cha kuokota seli za kompyuta mbovu na kuziunganisha ni kikubwa pale mfuko unapokuwa mwepesi. Waliokufa wengine walikuwa majirani waliolala, ambao hawakuwahi kupanda baiskeli hiyo. Kwa hiyo chuo kinapokataa betri ndani ya mabweni, hatuwezi kusema ni chuki tu. Tunachoweza kudai ni mahali salama pa kuchajia nje, kama vile wenye magari wanavyopewa maegesho. Bila hivyo marufuku yanamwangukia asiye na gari.

Kati ya wenzetu

Basi tunapoandamana na wanaonyonga bila mota, historia inatuachia nini? Inatuachia kwamba hatuna haja ya kuomba radhi kwa kuwapo. Njia za baiskeli zilipatikana kwa madai ya watu wengi, na kipimo cha nani anastahili kimekosewa mara nyingi mno kukabidhiwa mtu mmoja mwenye suti ya kubana.

Lakini inatuachia pia wajibu, na wajibu huo ni wa kiufundi kama ulivyo wa adabu. Mota ya gurudumu la mbele ifungwe kwa mkono wa chuma unaoshika ekseli, kwa sababu nguvu ya kuzunguka inaweza kuing'oa kwenye uma. Breki zikate umeme zinapobanwa. Betri iwe ya kununuliwa yenye kuthibitishwa, na betri ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360, inatosha safari ya kilomita 25 hadi 30 kwa mtu anayenyonga pia. Mwendo ufungwe kwenye kikomo cha sheria hata kama kidhibiti kinaruhusu zaidi. Katika kundi, mwenye mota asikae mbele akiwavuta wenzake kwa mwendo wasioutaka, wala asiwapite kilimani huku akipiga soga, kwa kuwa pale ndipo wao wanapotafuta pumzi. Akae nyuma, au akate upepo kwa mwendo waliokubaliana. Kengele ilie mapema. Anayeuliza kuhusu mota aonyeshwe, kwa sababu aliyeiona kwa macho huiogopa kidogo kuliko aliyeisikia ikipita.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Barabarani magari yanaifuata methali hiyo kila siku, na tunajua uchungu wake kwa kuwa sisi ndio tunaopisha. Kwenye njia ya baiskeli, wenye nguvu ni sisi. Tukiigeuza methali, mwenye nguvu akawa ndiye anayepisha, swali la nani ni mnyongaji wa kweli litabaki bila kazi, kama gia zilivyobaki bila mpinzani.