Mbwa Waliyemwita Mshenzi



Wiki iliyopita kaka yetu mmoja alituma picha ya mbwa humu kwenye kundi. Mbwa mwekundu, kifua cheupe, masikio yamesimama, mkia umekunjwa mgongoni. Huyo kaka aliishi Area 18, Lilongwe, mpaka ile amri ya 2023 iliyotaka wakimbizi waliokuwa mijini warudi Dzaleka. Alikuja na magodoro na masufuria. Mbwa alibaki kwa jirani yake Mmalawi.

Jirani anamtunza vizuri, shida ni mtaa. Watoto wanamtupia mawe na kumwita "galu wa Maburundi", mbwa wa Warundi, ingawa mwenye mbwa ni Mkongo wa Uvira na mbwa mwenyewe kazaliwa Lilongwe. Sasa jirani ana wazo: yeye na vijana wa pale waanzishe klabu ndogo ya michezo ya mbwa. Mbwa wakimbie mbele za watu, watu wawaone. Akauliza, nyinyi wa Dzaleka mnasemaje?

Wengi mlicheka. Mmoja akaandika, "Watu hawana unga, nyinyi mnaleta habari ya klabu ya mbwa?" Nami nilicheka. Lakini nikakumbuka kwamba yupo mbwa wa kwetu Kongo aliyepitia hayo hayo, na klabu ndiyo iliyobadilisha maisha yake. Kisa chake nawaletea leo.

Mbwa huyo duniani anaitwa Basenji. Soma tena hilo jina polepole. Ba-senji. Sisi wa Kongo hatuhitaji mkalimani. Musenji, basenji. Kwa Kiswahili cha pwani ni mshenzi, washenzi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, yaani watu wa porini wasiostaarabika. Neno likapanda na misafara mpaka Kongo, wakoloni wakalikuta, wakalipenda. Wakati wa Wabelgiji ulikuwa ama msenji, ama "évolué", mtu aliyeendelea. Mwaka 1948 walileta kadi ya sifa kwa wale walioonekana wamestaarabika, na 1952 wakaongeza hatua nyingine ya kuandikishwa. Wakaguzi walikuja mpaka nyumbani kuangalia unaishi vipi na unakula vipi. Wazee wetu walikaguliwa kama vyumba vya kupangisha.

Mbwa wa vijijini wakaitwa mbwa wa basenji. Wazungu walipowachukua, wakaacha neno "mbwa" na kubaki na tusi. Tusi likawa jina.

Na mbwa mwenyewe hakueleweka tangu mwanzo. Habweki kama mbwa wengine. Koo lake limeumbwa tofauti, hivyo hutoa sauti kama mtu anayeimba kwa kupandisha na kushusha. Hujilamba na kujisafisha kama paka. Jike hupata joto kwa kawaida mara moja kwa mwaka, si mara mbili. Mgeni akimwona husema huyu ana kasoro. Lakini mwindaji wa msitu wa Ituri anajua faida yake: mbwa asiye na kelele hafukuzi mnyama kabla ya wakati. Humvisha kengele ya mti shingoni ili ajue yuko wapi kwenye majani, na mbwa husukuma wanyama mpaka kwenye nyavu. Ni mbwa wa kazi, na kazi yake anaijua.

Sasa tufuate safari yake. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts. Wakafa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1923 mama mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, akachukua sita kutoka Sudan. Nao wakafa, baada ya chanjo ya distempa ya wakati ule. Ni mwaka 1936 tu ndipo Olivia Burn alifaulu kufikisha wengine Uingereza na wakazaa. Alipowaonyesha Crufts 1937, watu walifurika kuona mbwa wa Kongo asiyebweka.

Kisa cha Marekani ndicho kilichonigusa zaidi. Mbwa walioletwa huko 1937 walikufa karibu wote, akabaki dume mmoja, Bois. Mwaka 1941 meli ya mizigo kutoka Afrika Magharibi ikafika Boston, na ndani yake wakakuta jike amekonda, mifupa inahesabika. Alikuwa amejificha kwenye shehena. Ndugu zangu, tunawajua watu waliosafiri hivyo. Wakampa jina Congo. Akapona, akakutanishwa na Bois, wakazaa watoto waliokua.

Hapo ndipo klabu zinaingia. Waingereza waliunda klabu ya Basenji mwaka 1939, Wamarekani wakafuata 1942. Angalia hiyo miaka: dunia ilikuwa vitani. Hata wakati ule angeweza kutokea mtu wa kuuliza, "watu hawana mkate, nyinyi mnaleta habari ya mbwa?" Lakini wakakutana. Wakaandika kila mbwa: kazaliwa lini, na nani, wapi. Wakawaeleza watu kwamba hii si kasoro, ndivyo alivyo. Mwaka 1943 chama kikuu cha mbwa cha Marekani, AKC, kikamkubali rasmi. Mwaka 1956 akatokea kwenye sinema ya Hollywood, Goodbye, My Lady, na watu ambao hawakuwahi kusikia habari zake wakaanza kumtafuta.

Michezo ikaja baadaye. Mwaka 1972 Marekani waliunda chama cha mbio za mbwa wanaowinda kwa macho, American Sighthound Field Association. Hawakutaka mbwa waendelee kufukuza sungura wa kweli na kuumia kwenye seng'enge, basi wakatumia mfuko wa plastiki. Mfuko unafungwa kwenye kamba, kamba inapita kwenye magurudumu madogo yaliyopigwa chini uwanjani, mashine inaivuta. Mfuko unakata kona kama sungura, mbwa anaufuata. Waamuzi wanatoa alama 100: kasi 25, wepesi wa kugeuka 25, stamina 20, hamu 15, kufuata chambo 15. Basenji naye huingia. Ile tabia waliyoiita ukaidi nyumbani, uwanjani ina alama zake.

Kuna upande mwingine ambao lazima tuuseme. Mbwa wote wale walitokana na wachache mno, na damu ikawa finyu. Ugonjwa wa figo wa kurithi, Fanconi, ukaenea, sukari inapotea kwenye mkojo mpaka mbwa anadhoofika. Wenye klabu wakaelewa kwamba dawa iko kwetu. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walisafiri mpaka kaskazini mashariki mwa Zaire, wakachukua mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 AKC ikafungua kitabu chake cha ukoo ili hao wapya waandikwe. Yaani baada ya nusu karne ya kombe na medali, walirudi kwa wale wale "basenji" kuomba damu.

Ndani ya historia hii yote tunayajua majina ya mama wa Kiingereza. Tunalijua jina la dume Bois. Wawindaji waliomlea mbwa huyo vizazi na vizazi, wakachagua nani azae na nani asizae, hawakuingia kwa majina. Mbwa alitakaswa jina lake, watu waliotukanwa kwa neno lile lile hawakutakaswa.

Kwa hiyo nimeacha kucheka wazo la Area 18. Sisi tunaishi mahali penye jina kama hilo. Wazee wa hapa husimulia kwamba Dzaleka imetoka kwenye neno la Kichewa la mtu anayesema "sitarudia tena", kwa sababu kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 palikuwa jela ya kisiasa wakati wa Banda. Hatukulibadilisha jina. Lakini tangu 2014 Tumaini Festival inaleta watu hapa kusikiliza muziki, na kuna Mmalawi ambaye leo akisikia "Dzaleka" anafikiria ngoma kwanza. Watu walikuja, wakaona kwa macho yao.

Klabu inaweza kufanya hivyo kwa mbwa wa mtaa, na kidogo kwa wenye mbwa. Lakini tusijidanganye. Hofu ya watu si upumbavu. Kichaa cha mbwa kinaua, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa, na watoto ni wengi kati yao. Hapa hapa Malawi, mwaka 2015 Mission Rabies walichanja mbwa zaidi ya 35,000 Blantyre kwa siku 20 za kazi, kwa sababu watoto walikuwa wanafia hospitali. Mtoto anayerusha jiwe, pengine kamzika mwenzake.

Basi mapendekezo yangu kwa yule jirani ni haya.

Kwanza sindano, halafu mbio. Mbwa asiyechanjwa asiingie uwanjani. Lilongwe kuna LSPCA, shirika la kulinda wanyama, waulizwe ratiba yao. Siku ya kwanza ya klabu iwe siku ya kufundisha watoto: ukiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri.

Pili, vifaa visiwatishe. Baiskeli ya kabaza ipinduliwe juu chini, ring ya nyuma itolewe taili, kamba ifungwe pale, mtu azungushe pedali kwa mkono. Mwisho wa kamba, jumbo la plastiki. Mbwa mmoja mmoja, asubuhi kabla ya jua kali, na maji yawepo.

Tatu, jirani asiyetaka mbwa amguse, kwa dini au kwa woga, aheshimiwe. Uwanja uwe na kamba ya mpaka.

Nne, kitabu. Daftari la kawaida tu. Lakini kila mstari uandike jina la mbwa, chanjo yake, na jina la mtu aliyemlea, na alikotoka. Uvira, Ruyigi, Dowa, popote. Hapo Waingereza na Wamarekani walituachia pengo, tusilirudie.

Kaka wa Uvira yuko hapa, kama kilomita 45 kutoka kwa mbwa wake. Hatujui kama ataruhusiwa kwenda siku ya mbio ya kwanza. Jirani ameahidi kupiga video. Nimemwomba jambo moja: mbwa akitajwa kwenye spika, aitwe kwa jina alilopewa na mwenyewe, na jina la mwenyewe litajwe pia, watu wa mtaa walisikie.

Nani humu ana daftari ambalo halijaandikwa? Na nani anafanya kazi na shirika linalohusika na chanjo? Jibuni hapa chini.