Kampuni Mama na Chai ya Kericho

Kuna watu husoma riwaya kwenye matatu. Mimi husoma hukumu za mahakama. Sikusomea sheria. Ninazisoma kwa sababu ndani ya hukumu ndimo kampuni kubwa hulazimika kueleza, mbele ya mtu asiyenunulika kwa tangazo, jinsi zinavyofanya kazi. Kwenye runinga husema "sisi ni familia moja". Mbele ya jaji husema mambo mengine kabisa.

Hukumu ambayo nimeirudia mara nyingi ni ya Julai 2018, kutoka Mahakama ya Rufaa ya Uingereza. Walalamikaji ni watu 218 waliokuwa wakifanya kazi na kuishi kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Majina yao hayamo. Waliobeba kesi yote wameandikwa "AAA na wengine", herufi tatu za kuficha uso, kwa sababu yaliyowapata si mambo ambayo mtu angetaka jirani ayasome. Walioshtakiwa ni wawili: Unilever PLC ya London, na Unilever Tea Kenya Limited, ambayo wanasheria huiita kampuni tanzu. Ile ya London, kwa lugha hiyo hiyo ya wanasheria, ni kampuni mama.

Shikilia hilo neno, mama. Lina kazi mbele.

Lakini kwanza, chai ilifikaje Kericho? Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba hali ya hewa ndiyo iliyoileta: mvua ya kutosha, udongo mwekundu wenye asidi, miinuko. Haya yote ni kweli, ila mvua haikumwondoa mtu kwenye shamba lake. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga kama ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ili maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani waje kulima kitani, mmea wa nyuzi za nguo. Wazo hilo halikudumu hata miaka mitatu. Bei ya kitani ikaanguka, wale maofisa wakafilisika. Sasa hapo mtu wa kawaida angetarajia ardhi irudi kwa wenyewe, si ndiyo? Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni mbili za chai ziliingia, Brooke Bond na James Finlay, na mashamba yakaanza kutanda kilima hadi kilima.

Brooke Bond ina kisa cha jina ambacho hunichekesha. Arthur Brooke alifungua duka lake Manchester mwaka 1869. Bond hakuwako. Hakuna mtu yeyote aliyeitwa Bond katika biashara ile. Brooke aliongeza neno hilo kwa sababu lilikuwa na mlio mzuri, na kwa sababu kwa Kiingereza lina maana ya ahadi, au dhamana: dhamana yake kwa mnywaji wa chai. Kwa mnywaji, lakini. Mchunaji hakutajwa.

Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na kuwahamishia Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na malaria. Ng'ombe walikufa, watu wakafa. Na kwa kuwa Wakipsigis wengi hawakuwa na hamu ya kuwa vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao, kampuni ziliajiri watu kutoka mbali: Wakisii, Wajaluo, Waluhya, watu waliohitaji pesa za kulipia kodi ya nyumba na waliolazimika kutembea na kipande shingoni. Wakajengewa nyumba za laini katikati ya mashamba. Mfanyakazi akalala kwa kampuni, akachota maji ya kampuni, mtoto wake akasoma shule ya kampuni. Ukiwaza vizuri, huo si mpango wa ajira tu. Ni mpango wa makazi. Umemtoa mtu kwao, ukamweka mahali ambapo majirani wana deni la ardhi la zamani na wanamwona yeye kama ushahidi wa deni hilo.

Mwaka 1984 Unilever ikainunua Brooke Bond. Na hapa nitatoka nje ya Kericho kidogo, mnisamehe, kwa sababu Unilever haikuwa mgeni katika bara hili. Lever wa sabuni ya Sunlight, yule William Lever, alihitaji mawese. Mwaka 1911 alisaini mkataba na Ubelgiji uliompa haki ya kuvuna mawese Kongo kwenye maeneo ambayo yangeweza kufikia hekta 750,000. Makao makuu ya mradi huo kule Lusanga akayaita Leverville, kwa jina lake mwenyewe. Mkataba ulisomeka vizuri sana. Ulitaja kima cha chini cha mshahara, senti 25 za faranga kwa siku, ukataka kila eneo liwe na shule na hospitali. Leo tungeuita mpango wa uwajibikaji. Wakati huo huo wanaume walikuwa wakilazimishwa kupanda michikichi, kwa kodi na kwa vitisho vya maofisa wa serikali. Lever Brothers iliungana na kampuni ya siagi ya Uholanzi mwaka 1929, ndipo likazaliwa jina Unilever. Miaka miwili baadaye, 1931, Wapende wa eneo hilo waliasi. Ofisa mmoja wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi likajibu kwa kuua Wapende zaidi ya 500, na hiyo ni hesabu ya wakoloni wenyewe.

Sisemi kwamba Lusanga na Kericho ni kitu kimoja. Zimetenganishwa na miaka, sheria na watu. Ninachokiona ni tabia ya karatasi. Karatasi nzuri huweza kukaa kabatini miaka mingi bila kumfikia mtu aliye juu ya mti.

Turudi. Mwaka 2007 Unilever ilitangaza kwamba chai yake ya Lipton ingeanza kupitia ukaguzi wa Rainforest Alliance, wale wa alama ya chura. Mashamba ya Kericho yakawa ya kwanza ya chai duniani kupata cheti hicho. Mnunuzi wa London angeweza sasa kuangalia pakiti, akamwona chura wa kijani, akatulia. Desemba ya mwaka huo huo tulipiga kura.

Yaliyofuata mnayajua, hata nyinyi mliokuwa wadogo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Huko Kericho, makundi ya watu yalivamia nyumba za laini yakiwatafuta wafanyakazi wa makabila ya nje. Watu walipigwa, wanawake walibakwa, wengine waliuawa, nyumba zikaporwa na kuchomwa. Walalamikaji walisema baadhi ya wavamizi walikuwa wafanyakazi wenzao. Walisema pia kampuni ilijua kwamba uchaguzi unaweza kulipuka, na kwamba ilijipanga kuwalinda wakubwa wake na mali yake kuliko ilivyojipanga kuwalinda wao.

Mbona basi kwenda London? Walieleza kwamba waliogopa kuwashtaki watu Kenya, na kwamba kesi ya watu mia mbili, yenye mawakili na wataalamu, ingewashinda kwa gharama. Lakini ili mahakama ya Uingereza isikilize kesi dhidi ya kampuni ya Kenya, ilibidi kwanza waonyeshe kwamba kampuni mama nayo ina kesi ya kujibu. Bila mama, hakuna London.

Na mama alisema nini? Kwa ufupi: mtoto amekomaa. Kampuni tanzu ina mameneja wake, ina mpango wake wa dharura, inaamua mambo yake. Sera za London zilidai kila tawi liwe na mpango wa kukabili majanga, lakini mpango wenyewe ulitungwa na kuendeshwa Kenya. Mwaka 2017 jaji wa Mahakama Kuu alikubali kwamba London haikuwa na wajibu huo kwa wafanyakazi, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. Haikuonekana kwamba London ilichukua usimamizi wa jambo lenyewe, wala kwamba iliwapa Wakenya ushauri mahususi wa jinsi ya kuwalinda watu wao.

Kinachonikereketa si uamuzi peke yake, kwa sababu kisheria una mantiki yake. Ni mtego uliomo ndani yake. Ili uthibitishe kwamba kampuni mama ilikuwa ikiongoza mambo, unahitaji barua, kumbukumbu za vikao, ripoti za ndani. Hizo ziko wapi? Kwenye kabati za kampuni mama. Utazipata lini? Kesi ikishakubaliwa kuendelea. Kesi itakubaliwa lini? Ukishaonyesha ushahidi. Mchuna chai wa Kisii aliyekimbia laini usiku na nguo za mwilini anaulizwa: una nyaraka?

Aprili 2019 kukatokea mwanya. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, waliosema mgodi wa shaba ulichafua mito yao. Majaji walisema hakuna kanuni ya pekee inayoikinga kampuni mama. Swali ni kiasi gani iliingilia, ilisimamia au ilishauri. Wakaongeza jambo ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila idara ya mawasiliano: kampuni ikitangaza hadharani kwamba inasimamia matawi yake, tangazo hilo lenyewe linaweza kuizalia wajibu. Wanakijiji wakaruhusiwa kuendelea, na Januari 2021 pande mbili zikaelewana nje ya mahakama. Watu wa Kericho nao walibisha hodi mlango huo huo. Julai 2019 mahakama hiyo ikakataa kusikiliza rufaa yao.

Utaniambia, ah, vurugu za uchaguzi ni za wanasiasa, kampuni ya chai ingefanya nini? Swali la haki. Lakini kuna mambo ya mashambani yasiyohitaji mwanasiasa. Mwaka 2011 watafiti wa shirika la SOMO la Uholanzi waliandika kuhusu mashamba yale yale yenye cheti cha chura: vibarua wasiopata ajira ya kudumu, upendeleo wa kikabila, mameneja na manyapara wanaodai ngono. Mwaka 2011, kumbuka. Februari 2023 BBC ilirusha filamu ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Bunge letu likaagiza uchunguzi. Baadhi ya wasimamizi wakasimamishwa. Kila aliyehojiwa ofisini alikuwa ameshtuka. Miaka kumi na miwili baada ya ripoti, na bado kulikuwa na mtu wa kushtuka.

Kwa Finlay mambo yalichukua njia nyingine, na naitaja kwa sababu inavuruga kisingizio cha mama na mtoto. James Finlay (Kenya) Limited, pamoja na hilo neno Kenya jinani, imesajiliwa Aberdeen, Scotland. Hapo hakuna mama wa kumkana mtu. Wachunaji wakaishtaki Edinburgh, wakisema miaka ya kubeba vikapu vizito kwenye miteremko imewaharibu migongo. Kampuni ilikwenda mahakama ya Kenya kutafuta amri ya kuwazuia wasiendelee na kesi ya Scotland. Novemba 2023 majaji wa rufaa wa Edinburgh wakasimamisha kesi, wafanyakazi wakajaribu kwanza kudai fidia Kenya chini ya sheria yetu ya majeraha ya kazini. Kwa hiyo wenye mama waliambiwa mama hahusiki, na wasio na mama wakaambiwa warudi nyumbani.

Ulaya kuna sheria mpya. Ufaransa ilianza mwaka 2017, Ujerumani ikafuata 2023, zote zikizitaka kampuni kubwa zichunguze madhara yanayotokea kwenye minyororo yao ya bidhaa. Umoja wa Ulaya ulipitisha ya kwake 2024, na kabla haijaanza kutumika wakaanza kuipunguza makali.

Na mashamba? Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mwaka 2022, kwa euro bilioni 4.5. Mashamba ya Finlay yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka, na yale yaliyokuwa ya Unilever nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Mabango ya barabarani yamebadilishwa. Wazee wa Kipsigis na Watalai nao walipeleka malalamiko yao ya ardhi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakayafikisha Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg.

Zamani ukodishaji wa ardhi kwa walowezi ulikuwa wa miaka 999. Katiba ya 2010 ilisema asiye raia hawezi kupewa zaidi ya miaka 99, na ile mirefu ikakatwa, hesabu ikianza siku katiba ilipozinduliwa, 27 Agosti 2010. Mwisho wake ni 2109. Mtoto anayezaliwa leo kwenye laini za Kericho atakuwa na zaidi ya miaka themanini.